Nani Tena, Sappho?

Shairi pekee la Sappho, mshairi wa kike wa Kigiriki wa kisiwa cha Lesbos, lililotufikia zima, mwanzo hadi mwisho, lina beti saba, na katikati yake kuna tabasamu ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Mshairi anamsihi Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, asiuvunje moyo wake kwa uchungu, bali ashuke kama alivyowahi kushuka siku zilizopita. Siku hizo aliiacha nyumba ya baba yake, akafunga gari lake la dhahabu, shomoro wazuri wakamvuta kutoka mbinguni juu ya nchi nyeusi, mabawa yakipiga kwa kasi. Wakafika mara moja. Na yule mungu, uso wake usiokufa ukitabasamu, akauliza: umepatwa na nini tena? Mbona unaniita tena? Ni nani tena nimshawishi aingie katika mapenzi yako? Nani anakudhulumu, Sappho?

"Tena" mara tatu ndani ya beti mbili. Kwa maoni yangu, kurudia huko na tabasamu linaloandamana nako ndiyo njia bora ya kuingilia mashairi ya mapenzi ya Wagiriki wa karne ya 7 na ya 6 KK. Tumezoea kuyasoma kama shajara, kilio cha moyo unaojeruhiwa kwa mara ya kwanza, wa mtu asiyejua kilichompata. Sivyo yalivyo. Anayeimba amekwisha kupita njia hii. Anaijua kila kona yake, anajua itakapoishia, na ujuzi huo wote haumkingi na chochote. Hapo ndipo ukubwa wa mashairi haya ulipo.

Sikiliza ahadi anayopewa na Aphrodite. "Kama anakimbia, hivi karibuni atafukuza, kama hapokei zawadi, atatoa, kama hapendi, hivi karibuni atapenda, hata asipotaka." Ukisoma kwa pupa utadhani Sappho ameahidiwa mpenzi wake. Soma tena. Hakuna mahali mungu aliposema "atakupenda wewe". Amesema tu kwamba mkimbiaji wa leo atakuwa mkimbizaji wa kesho, huenda nyuma ya mtu mwingine kabisa, naye atalia kama unavyolia. Aliyekwenda kudai haki anarudi na habari kwamba zamu huzunguka. Sappho anaipokea, kisha katika ubeti wa mwisho anaomba vilevile alivyoanza: njoo kwangu na sasa, niokoe na mahangaiko haya, uwe mwenzangu vitani. Hoja imejibiwa, maumivu yako palepale.

Sappho hayuko peke yake katika hili. Alcman, aliyetunga huko Sparta katika karne ya 7 KK, anaimba kwamba Eros, mungu wa ashiki, tena, kwa matakwa ya Aphrodite, anammiminikia mtamu na kuupasha moyo wake joto. Anacreon, mzaliwa wa Teos aliyeutumikia ukumbi wa Polycrates, mtawala wa kisiwa cha Samos, analirudia jambo hilo mara kadhaa. "Napenda tena na sipendi, nina wazimu na sina wazimu." Na mahali pengine: "Eros amenipiga tena kwa nyundo kubwa kama mhunzi, akanitosa katika mto wa kipupwe." Mhunzi hukitia chuma majini baada ya kukigonga ili kiwe kigumu. Mtu angetazamia kwamba aliyekwisha kupitia moto, nyundo na maji ya baridi ametoka imara, kazi imekwisha. Lile "tena" linatuambia amerudishwa motoni.

Ibycus naye, aliyetoka Rhegium kusini mwa Italia akaishia Samos, analalamika kwamba miti ya matunda na mizabibu huchanua majira ya kuchipua, kwa wakati wake, lakini kwake yeye mapenzi hayalali msimu wowote, huja kama upepo wa kaskazini kutoka Thrace, umejaa umeme. Kwingine Eros anamwangalia tena chini ya kope nyeusi, kwa macho ya kuyeyusha, na kumtia katika nyavu zisizo na mwisho. "Hakika natetemeka anapokuja, kama farasi wa mashindano aliyezoea ushindi, sasa mzee, anayekwenda uwanjani na gari lenye kasi bila kutaka." Farasi huyu anauogopa uwanja kwa kuwa anaukumbuka. Farasi mchanga angekimbilia langoni.

Sababu mojawapo ya kurudia huku iko katika namna nyimbo hizi zilivyoishi. Hazikutungwa ili mtu azisome kimya peke yake. Ziliimbwa kwa zeze na kinubi, kwenye karamu za mvinyo, arusini, katika sherehe za miungu, nyingine na kundi zima la wasichana wakicheza, kama ule wimbo mrefu wa Alcman uliogunduliwa Saqqara nchini Misri mwaka 1855. Msomaji aliyelelewa na taarabu halihitaji somo hili: anajua kwamba wimbo wa mapenzi ni mali ya mtunzi, na ya mwimbaji, na ya yule aliyekaa pembeni anayeuona unamhusu. Kila mara mtu wa Athens alipouimba wimbo wa Sappho miaka mia baadaye, Eros alikuwa anamtikisa mwimbaji tena, kweli kabisa.

Kwa hiyo nina shaka na wanaoyageuza mashairi haya kuwa faili la maisha ya mtunzi. Mfano wa madhara yake ni hadithi ya kifo cha Sappho. Inasemekana alimpenda mvushaji aitwaye Phaon, akakataliwa, akajitupa baharini kutoka mwamba wa Leukas. Hadithi hiyo ilivuma kupitia michezo ya kuigiza ya Athens, vizazi vingi baada yake, na imechorwa na kuandikwa Ulaya kwa karne nyingi kana kwamba ni historia. Sasa msikilize Anacreon, aliyeishi kabla ya michezo hiyo: "Nimepanda tena, na kutoka mwamba wa Leukas najitupa katika wimbi la kijivu, nimelewa mapenzi." Anajitupa tena! Mwamba huo katika nyimbo ulikuwa mahali pa kujirushia mara kwa mara, na aliyejirusha alirudi juu kupanda upya. Waliokuja baadaye waliugeuza kuwa kaburi la mwanamke mmoja. Wakapata kisa cha kusikitisha, wakapoteza wazo zito zaidi: kwamba mtu hafi kwa mapenzi, na ndiyo maana huyarudia.

Tuje kwenye shairi ambalo wahakiki huliita la 31, kwa kuwa hapo ujuzi huu unaingia mwilini. Mwanamume mmoja ameketi mbele ya mwanamke, karibu kabisa, akimsikiliza akizungumza kwa sauti tamu na kucheka. Anaonekana, asema Sappho, kuwa sawa na miungu. Kisha anamwacha kabisa mwanamume huyo na kusimulia yanayompata yeye anayetazama:

"Nikikuangalia kidogo tu, sauti hainitoki tena, ulimi umevunjika, moto mwembamba umepita ghafla chini ya ngozi, macho hayaoni kitu, masikio yanavuma, jasho baridi linanishika, kutetemeka kunanikamata mwili mzima, nimekuwa rangi ya majani mabichi, na najiona nimebakiza kidogo tu kufa."

Waswahili tunasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Sappho anakwenda mbali kuliko kutofichika. Anahesabu. Ulimi, ngozi, macho, masikio, jasho, rangi, kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu wa mtu aliyewahi kuziona dalili hizi zikipangana vivyo hivyo. Mhakiki wa kale tunayemwita Longinus, ambaye kwa kulinukuu ndiye aliyelihifadhi shairi hili, alistaajabu jinsi anavyovitafuta viungo na hisi zake vyote kana kwamba ni vya watu wengine vilivyotawanyika.

Na angalia umbo. Ubeti ambao baadaye ulipewa jina la Sappho una mishororo minne: mitatu ya mizani 11, na wa nne mfupi, mizani 5 tu. Vina hakuna, Wagiriki walipanga silabi ndefu na fupi badala ya kulinganisha miisho. Mshororo ule mfupi hufika kabla masikio hayajautarajia, kama pumzi iliyokatika. Anayedai ulimi wake umevunjika anatunga kwa vipimo vikali kiasi hicho, wala hakosei. Siuoni huu kuwa unafiki wa kisanii, kama wengine walivyodai. Mtu aliyeanguka mara nyingi mahali pamoja anaweza kuuchora mwanguko wake kwa usahihi.

Wengi hulisoma shairi hili kama la wivu dhidi ya yule mwanamume. Siafiki. Sappho hamchukii, wala hataki aondoke. Mwanamume huyo ni kipimo: ni mungu kwa sababu anaweza kukaa karibu hivyo na kuendelea kusikiliza kwa utulivu. Binadamu wa kawaida, yaani yeye mwimbaji, hawezi. Kisha, baada ya kukaribia kufa, shairi linageuka: "Lakini yote yanastahimilika, kwa kuwa hata maskini..." Hapo Longinus aliacha kunukuu. Hatujui maskini huyo alipatwa na nini. Tunajua hata hivyo kwamba baada ya dalili zote zile kulikuwa na ubeti wa mtu anayejizoazoa na kufikiri, jambo ambalo Catullus, mshairi wa Roma aliyelitafsiri shairi hili kwa Kilatini katika karne ya 1 KK, alilifanya kwa njia yake kwa kujikaripia juu ya uvivu.

Anayependa hapa ni mwanamke, na anayependwa ni mwanamke. Lugha ya shairi inaonyesha wazi, na sioni sababu ya kulificha hilo kwa kuwa baadhi ya wasomaji wangependa lisiwepo. Karne nyingi za wafasiri walijaribu kulifunika, kwa kumtengenezea Sappho mvushaji wa kumfia au kwa kumfanya mwalimu mkuu wa shule ya mabinti anayewaaga wanafunzi. Mashairi yanabaki yalivyo.

Kuna swali gumu zaidi ambalo wapenzi wa fasihi hii hulikwepa. Wanaume nao waliimba kwamba Eros amewashinda, amewapiga nyundo, amewatia nyavuni. Lakini wanaume hawa walikaa katika karamu za matajiri, wakihudumiwa na watumwa, na waliowaimbia mara nyingi walikuwa vijana wadogo kuliko wao, au wasichana wasio na nafasi ya kujibu. Desturi za tabaka lao ziliruhusu hayo. Anacreon ana wimbo unaomwita msichana mwanafarasi jike wa Thrace: mbona wanikimbia, wadhani sijui lolote? Ningeweza kukutia hatamu na kukuzungusha uwanjani. Huyu si mtu aliyeshindwa. Na Archilochus wa Paros, aliyekutaja kupatwa kwa jua ambako wataalamu wengi wanakuweka tarehe 6 Aprili 648 KK, anaweza kuimba kwa uzuri wa kutisha kwamba hamu ya mapenzi imejikunja chini ya moyo wake, ikamwagia macho ukungu mzito, ikaiba akili kifuani. Na mtu huyohuyo aliwaaibisha hadharani mabinti wa Lycambes baada ya baba yao kuvunja ahadi ya ndoa. Maneno "nimezidiwa na mapenzi" katika kinywa cha mwenye nguvu yanaweza kuwa kisingizio, jana na leo. Uzuri wa mshororo haufuti hilo, na mhakiki anayeusifu mshororo bila kuutaja mkono ulioshika hatamu hajamaliza kazi.

Ndiyo maana namrudia Sappho zaidi ya wengine. Katika shairi la 16, ambalo lilitoka katika majalala ya Oxyrhynchus nchini Misri, ambako Bernard Grenfell na Arthur Hunt walichimbua maelfu ya vipande vya mafunjo, na likachapishwa mwaka 1914, anaanza kwa kupinga ukumbi mzima wa wanaume: "Wengine husema jeshi la wapanda farasi, wengine la askari wa miguu, wengine la merikebu ndilo kitu kizuri kuliko vyote juu ya nchi nyeusi. Mimi nasema ni kile mtu akipendacho." Kisha anatoa ushahidi. Ni Helen, yule ambaye katika tenzi za vita vya Troy ni ngawira inayogombewa na majeshi. Sappho anamtoa katika nafasi ya kugombewa na kumkalisha katika nafasi ya anayechagua. Yeye aliyewazidi wanadamu wote kwa uzuri ndiye aliyemwacha mume bora, akapanda chombo akaenda Troy, asimkumbuke mtoto wala wazazi wapenzi.

Hamsifu na hamlaani. Wazazi "wapenzi", mume "bora": gharama yote imeandikwa, hakuna kilichopunguzwa. Mafunjo yameliwa hapo katikati, kisha sauti inarejea: jambo hili limemkumbusha Anactoria, ambaye hayupo. Angependa kuona mwendo wake na mng'ao wa uso wake kuliko magari ya vita ya Lydia na askari wenye silaha. Lydia ilikuwa dola tajiri ng'ambo tu ya mlango wa bahari, wala haikuwa nchi ya hadithi kwa mtu wa Lesbos. Kwa hiyo ulinganisho si maneno matupu. Anachukua nguvu kubwa kuliko zote alizoweza kuziona kwa macho na kuiweka kwenye mizani dhidi ya mwendo wa mtu mmoja.

Mwendo na mng'ao wa uso. Ndivyo vitu viwili tu tunavyoambiwa juu ya Anactoria. Hatujui nywele zake, kimo chake, macho yake. Mashairi haya kwa jumla hayamchori mpendwa kutoka utosini hadi unyayoni. Yanachora alama aliyoiacha kwa anayemkumbuka. Na kumbukumbu, katika Sappho, ndiyo mlango ambao ashiki hurudia kupitia. Katika shairi jingine lililochanika, mwanamke anayeondoka analia na kusema anaondoka bila kutaka, na Sappho anamjibu kwa kumkumbusha: mashada ya urujuani na waridi, shingo iliyopakwa mafuta ya thamani, vitanda laini. Mtu angetegemea kumbukumbu iwe dawa ya kuagana. Yeye anaitumia kuamsha hamu upya, kwa makusudi, kana kwamba hamu ndiyo kitu pekee wanachoweza kubaki nacho wote wawili.

Wataalamu wa Aleksandria walizikusanya tungo zake katika vitabu tisa. Cha kwanza peke yake kilikuwa na mishororo 1,320. Leo tunayo mishororo kama 650 kwa jumla, mingi ikiwa vipande. Wapo wanaoupenda upungufu huo, wanaouona mwanya kati ya maneno kuwa sehemu ya uzuri wake. Mimi siwezi. Yaliyopotea yamepotea, na ningetoa sifa zote za ukimya wa mafunjo kwa kuupata ubeti mmoja zaidi kuhusu yule maskini.

Bahati iliyotufikia karne hii ilikuja mwaka 2004, Köln nchini Ujerumani, ilipochapishwa nakala ya mafunjo ya karne ya 3 KK yenye shairi la uzee. Sehemu zake zilikuwa zimejulikana tangu 1922 kutokana na vipande vya Oxyrhynchus. Sasa mishororo mingi ilikamilika. "Ngozi yangu iliyokuwa laini, uzee umekwisha kuishika, na nywele zilizokuwa nyeusi zimegeuka nyeupe. Moyo umekuwa mzito, magoti hayanichukui, yale yaliyokuwa mepesi kucheza kama watoto wa paa. Haya nayalilia mara nyingi. Lakini nifanye nini? Binadamu asizeeke, haiwezekani." Hata hapa analia mara nyingi. Anacreon alilichukua jambo hilo kwa wepesi zaidi, akimwimba Eros anayemrushia tena mpira wa zambarau na kumwita acheze na msichana wa viatu vya nakshi, naye msichana, mwenyeji wa Lesbos, anazidharau mvi zake na kukodolea macho kwingine. Sappho hana msichana wa kumkataa. Ana mfano wa Tithonus, mwanadamu wa hadithi za kale: Alfajiri, mungu wa kike mwenye mikono ya waridi, alishikwa na mapenzi akambeba hadi mwisho wa dunia, mzuri na kijana, lakini uzee wa mvi ulimfikia hukohuko, ingawa mkewe hafi.

Katika nakala ya Köln shairi linakoma hapo, na wimbo mwingine wa mizani tofauti unafuata. Katika vipande vya Oxyrhynchus inakuja mishororo minne zaidi, ambamo mwimbaji anasema anapenda anasa na wororo, na kwamba mapenzi yamemgawia mng'ao na uzuri wa jua. Wataalamu wamegawanyika: wengine wanaiona kuwa hitimisho la shairi hilihili, wengine mwanzo wa jingine. Kwa kuwa nyimbo hizi zilipita vinywani mwa watu wengi, sioni ajabu kama miisho yote miwili iliimbwa. Nikitakiwa kuchagua, nachagua ule mfupi. Mishororo ya jua inamfariji msikilizaji haraka mno baada ya swali la "nifanye nini?", wakati kisa cha Tithonus kinalijibu kikamilifu: mungu mwenyewe alipenda, akampata aliyempenda, akakaa naye, na bado hakuweza kumzuilia hata mvi moja.